Mchoro wa Wende

1

Mwalimu Edina Tweve aliwaambia wanafunzi wavue glavu.

Hakuna aliyefurahi. Ihela ni kijiji cha milimani, na mwezi wa nne, mvua ikiwa imeng'ang'ania juu ya mabati, maabara ya shule huwa baridi kuliko nje. Wakavua hivyo hivyo, huku wakipuliza vidole.

"Sasa mpe jirani yako glavu yako ya kushoto. Na wewe jirani, ivae mkono wa kulia."

Kicheko kikazuka nyuma. Vidole gumba vilihangaika kutafuta mahali pa kuingia visipapate. Mvulana mmoja alilazimisha mpaka mshono ukalia.

"Hiyo glavu ina vidole vitano au haina?" Mwalimu Edina akauliza.

"Inavyo, Mwalimu."

"Sufu ni ileile, fundi ni yuleyule. Mbona haiingii?"

Wende Mligo, msichana wa kidato cha tano aliyependa kukaa karibu na dirisha, akajibu bila kunyoosha mkono. "Kila kitu kipo, Mwalimu, ila kimepangwa kinyume. Ukiiangalia kwenye kioo ndiyo inakuwa ya kulia."

"Haya. Shika hilo neno, kinyume."

Mwalimu akageukia ubao akachora duara dogo, kaboni, akalitia mikono minne. Kila mkono ni kifungo, akawakumbusha: elektroni mbili, moja kutoka huku na moja kutoka kule, atomu mbili zinazishika kwa pamoja na hakuna iliyo tayari kuachia. Kaboni hushika wanne. Naitrojeni watatu, oksijeni wawili, haidrojeni mmoja. Hayo walikuwa wakiyajua tangu kidato cha pili. Jipya lilikuwa hili: kaboni ikishika majirani wanne wasiofanana hata wawili, majirani hao wanaweza kupangwa kwa namna mbili, na namna hizo ni kama glavu ya kushoto na ya kulia. Hesabu ya atomu ni ileile. Vifungo ni vilevile. Lakini moja haiingii mahali pa nyingine.

Alipomaliza akaweka kidole gumba kwenye kufuli la kifumi.

Kifumi cha Ihela kilikuwa na ukubwa wa jiko la gesi. Serikali iligawa vifumi katika shule zote za sekondari miaka kadhaa nyuma, ili watoto waache kukariri molekuli na waanze kuziunda. Unachora muundo kwenye kibao cha kioo. Mashine inavuta atomu kutoka mikebe yake minne na kuziunganisha moja baada ya nyingine, kama mtu anayesuka ukili, mpaka chini ya mdomo wake wa shaba kinadondoka kile ulichochora. Kinadondoka kwa matone tu, kwa kuwa kufuli halikiruhusu kuzidi kipimo cha somo. Kazi yake ni masomo.

Wende ndiye aliyeitwa kuchora. Alichora molekuli moja mara mbili. Mara ya kwanza, kwenye kaboni ile yenye majirani wanne tofauti, mkono mmoja aliuchora kwa mstari mnene, maana yake unamjia mtazamaji. Mara ya pili akauchora kwa nukta, yaani unaelekea nyuma. Hapakuwa na tofauti nyingine. Mashine ikatoa tone kwenye kichupa cha kwanza, tone kwenye cha pili, na vichupa vikazungushwa darasani.

"Hiki ni chungwa!"

"Hiki kingine kama utomvu wa paina," akasema yule mvulana wa mshono. "Kama pale wanapopasua mbao."

"Kitu kimoja," Mwalimu Edina akasema. "Ila pua zenu zina mikono. Damu ina mikono, figo zina mikono. Mwili haupokei chochote bila kuangalia kimekuja na mkono gani."

Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akawaeleza kwa nini kifumi kina kufuli. Shule moja ya bondeni iliwahi kuwafumia wanafunzi wake dawa ya kikohozi. Hesabu yao ilikuwa sahihi, vifungo vyote vilitimia. Mkono ndio haukuwa wenyewe. Watoto waliponywa kikohozi wakaharibiwa figo. Hakuwaambia kwamba mwalimu wa shule ile, Zabeti, alikuwa rafiki yake wa chuo, walilala chumba kimoja, na kwamba Zabeti tangu siku hizo hakuingia tena darasani wala kupokea simu ya mtu.

2

Homa ya kiwi ilikuwa imeshazoeleka kule milimani. Mtu anaamka mwanga unamchoma, anajifunika kichwa kwa shuka. Mwili unapanda joto. Na asipodungwa neluzini mapema, homa inaondoka na kumwacha hai, lakini macho yameungua kwa ndani. Watu hawakuiogopa sana. Nesi Oliva Sanga wa zahanati alikuwa akibonyeza jina la dawa kwenye kisanduku cha maombi, na droni ilikuwa ikitua uwanjani kabla ya chakula cha mchana.

Safari hii mteremko wa Nyamande uliporomoka. Ukaondoka na barabara, ukaondoka na mnara wa mtandao. Juu ya hayo ukungu ulishuka ukakaa, mzito kiasi kwamba kutoka zahanati huoni shule, na droni haitui penye ukungu kama ule. Nesi Oliva alidunga neluzini aliyokuwa nayo mpaka ikaisha. Alibonyeza kisanduku, ambacho hutuma jina la dawa tu kwa setilaiti, asubuhi na jioni, nacho kila mara kilijibu neno moja tu: Imepokelewa.

Aloisi Mligo, baba yake Wende, aliugua dawa ikiwa imeshakwisha. Alikuwa mkulima wa pareto, mtu wa maneno machache. Mkewe alikuwa ng'ambo ya mporomoko kwa mdogo wake aliyejifungua. Nyumbani walibaki yeye na binti.

Wende aliingia maabara baada ya masomo, viatu vimejaa tope. Mwalimu Edina alikuwa akipanga vichupa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Baba anaendeleaje?"

Wende akaweka mezani karatasi iliyokunjwa, ile inayokuja ndani ya boksi la neluzini, na pembeni yake akaweka kibao chake cha kuchorea. "Nesi amenipa hii. Muundo wa dawa umechorwa hapa. Nimehesabu vifungo vyote, Mwalimu. Tafadhali vihesabu na wewe."

Mwalimu alivihesabu. Hakutaka kufanya hivyo, lakini jicho la mwalimu halijizuii. Kaboni zote zilikuwa na mikono minne. Naitrojeni ile ya pembeni ilikuwa na mitatu. Pete ilifungika vizuri. Ulikuwa mchoro safi kuliko wowote aliopata kuuona kwa mwanafunzi, na moyo wake ukafurahi kabla ya kukumbuka ni mchoro wa nini.

"Kifumi kinaweza kuifuma," Wende akasema.

"Kinaweza."

"Ukikifungua kufuli na kukiacha kiendelee, mpaka kesho mchana tutakuwa na ya kutosha kumdunga. Nesi amesema yupo tayari, wewe ukisema ni salama."

Mwalimu Edina akavuta kiti akakaa. Akaweka kidole kwenye kaboni moja katikati ya mchoro. "Hapa kwenye karatasi ya boksi pamechorwa bapa. Hawakuonyesha mkono. Wewe umeweka mstari mnene. Umeutoa wapi?"

"Nimefikiri." Wende akasogea. "Imeandikwa hapa chini kwamba dawa hii asili yake ni kuvu. Wewe ulitufundisha viumbe hai huunda kwa mkono mmoja, hawachanganyi. Nikachukua molekuli nyingine za kuvu tulizosoma, nikaangalia kaboni kama hii ina mkono upi. Zote ni huu."

"Ni fikra nzuri."

"Basi ni sahihi?"

"Ni nzuri, Wende. Sikusema sahihi. Kiwandani wanaweza kuanza na kuvu halafu wakageuza kaboni hiyohiyo. Hufanya hivyo mara nyingi. Mtandao ungekuwepo ningeuliza nikajua mara moja. Sasa hivi sijui, na wewe hujui."

Mvua ilipiga mabati. Wende alisubiri ipungue kidogo ndipo akauliza, "Mkono ukiwa si huu, Baba atapata nini?"

"Huenda asipate kitu. Huenda ikamuua."

"Na tusipofanya chochote?"

"Atabaki hai."

"Kipofu."

"Hai, mwanangu."

Wende akatazama mikono yake. Alikuwa na glavu moja tu, nyingine sijui aliiacha wapi. "Basi njoo nyumbani umuulize mwenyewe," akasema. "Macho ni yake. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, halafu yeye achague."

Hapo ndipo Mwalimu Edina angeweza kusimama, kuchukua mwavuli na kwenda. Nyumba ya akina Mligo haikuwa mbali. Lakini alimwona Zabeti, alivyomwona mara ya mwisho, amekaa kwenye benchi la mahakama akishona na kufumua ukingo wa kanga yake. Akaona kwamba mgonjwa mwenye homa kali atachagua chochote atakachoambiwa na binti yake. Sababu ilikuwa nzuri. Aliishika.

"Hapana," akasema. "Sitafungua. Na si kwa sababu ya kanuni tu. Nenda ukae naye, mfunike macho, mpe maji. Ukungu utaondoka."

Wende alikunja karatasi ya boksi taratibu, kwenye mikunjo yake ileile. Hakulia. Mlangoni akageuka, akasema tu, "Kwaheri, Mwalimu."

Mwalimu Edina akamalizia kupanga vichupa, akafunga maabara, akaenda zake nyumbani kupika.

3

Ukungu uliondoka, kweli. Droni ilitua uwanjani asubuhi moja yenye jua kali, watoto wakaikimbilia wakipiga makofi. Nesi Oliva alikwenda nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Kwa Aloisi Mligo alidunga vilevile, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, ingawa homa ilikuwa imeshashuka na mgonjwa alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza dirishani, akiuliza kama kumekucha.

Mnara uliposimamishwa tena, habari zilianza kupanda na kushuka. Mkuu wa shule, Mwalimu Msigwa, aliandika taarifa kwa wilaya na ndani yake akataja ombi la Wende na jibu alilopewa. Hakuwa na nia mbaya. Majibu yalipokuja aliyasoma mbele ya mstari wa asubuhi, karatasi ikipepea mkononi.

"Ofisi ya elimu inampongeza Mwalimu Edina Tweve kwa uthabiti aliouonyesha wakati wa dharura. Amealikwa kuzungumza na walimu wenzake wa mkoa mzima katika semina, ili wajifunze kutoka kwake."

Wanafunzi walipiga makofi kwa sababu mkuu alipiga. Mwalimu Edina alitafuta uso wa Wende katika mstari wa kidato cha tano. Wende naye alikuwa akipiga makofi, polepole, kwa adabu, huku akitazama chini.

Darasani alirudi. Aliandika alichotakiwa kuandika na alijibu akiulizwa. Ile tabia yake ya kujibu kabla ya kunyoosha mkono ilikuwa imekwisha. Jioni alikuwa akienda moja kwa moja nyumbani, kumsaidia mama yake, aliyerudi barabara ilipofunguliwa, kumfundisha mzee kutoka kitandani mpaka chooni bila kujigonga.

Mwalimu Edina alijiambia kwamba alifanya lililo sawa. Alijiambia akiwa anamenya viazi, alijiambia akiwa kanisani. Kila alipojiambia, lilikuwa kweli. Mchoro ule ungeweza kuua. Mwanadamu kipofu anakula, anacheka, anashika mkono wa mkewe. Hakuna mtu hata mmoja aliyemlaumu, wala Wende.

Kisha siku moja alikuwa na kidato cha tatu, wakijifunza kutumia bomba la mwanga. Ni kifaa cha zamani kuliko kifumi: bomba refu lenye kioo kila mwisho. Unapitisha ndani yake mwanga uliochujwa ili utetemeke upande mmoja tu, na katikati unaweka kimiminika. Molekuli zenye mkono huuzungusha mwanga huo. Mkono mmoja huuzungusha kulia, mwenziwe huuzungusha kushoto kwa kiasi kilekile. Bomba halikuambii atomu zimekaaje, ila ukiweka vimiminika viwili kimoja baada ya kingine, linakuambia kama mikono yao ni mmoja.

Watoto walikuwa wanaharakisha. Mmoja alimwaga sukari ya kwanza na kutia ya pili kwenye kichupa hichohicho.

"Suuza kwanza!" Mwalimu akamkaripia. "Suuza mara mbili. Tone likibaki chini kichupani linatosha, bomba litalisoma—"

Akageukia dirisha, upande wa zahanati.

Watoto wakamtazama. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Mwalimu?"

"Endeleeni," akasema. "Suuzeni, endeleeni."

Nesi Oliva alikuwa amedunga neluzini yote ya zahanati mpaka ikaisha. Chupa zake zilikuwa zimekwenda wapi? Chupa tupu ya dawa haiwi tupu. Chini hubaki unyevu, tone, nusu tone. Tone la neluzini ya kiwandani, yenye mkono wake wa kweli, lingewekwa kwenye bomba. Kisha tone kutoka mchoro wa Wende, kiasi kilekile ambacho kanuni inaruhusu kwa somo, bila kuvunja kufuli lolote. Mwanga ungekwenda upande mmoja au ungepishana. Ingekuwa kazi ya mchana mmoja. Zahanati ipo ng'ambo ya uwanja wa mpira.

Alikuwa amekaa na mtoto yule katika chumba chenye bomba la mwanga kabatini, akamwambia, sijui na wewe hujui. Sababu nzuri ilipopatikana, aliacha kutafuta.

4

Nesi Oliva hakuuliza mengi. Takataka za dawa hukaa kwenye pipa la njano mpaka gari la wilaya lije, na gari halikuwa limekuja tangu barabara ikatike. Akavaa glavu, akachambua, akampa chupa tatu zilizoandikwa neluzini.

"Unataka za nini, Mwalimu?"

"Somo."

Alichagua saa ambayo wanafunzi wapo uwanjani kwenye michezo. Kibao cha Wende, alichokiacha mezani siku ile, kilikuwa bado na mchoro ndani yake. Hakuna aliyewahi kuufuta. Akakilisha kifumi mchoro huo, akaacha kidondoshe kipimo cha somo. Akavuta unyevu wa chupa zote tatu kwa maji kidogo, akaukusanya, akavizimua vyote viwili viwe na nguvu sawa. Alikuwa anaomba, na aliona aibu kwa kile alichokuwa akikiomba. Alikuwa anaomba mchoro uwe na kosa.

Kimiminika cha zahanati kiliuzungusha mwanga kulia.

Mlango ukafunguliwa. Wende alikuwa ameshika kitabu cha maabara alichokuwa ameazima. "Samahani, Mwalimu, nilikuwa narudisha..."

Akaziona chupa. Akasoma maandishi. Akalitazama bomba, kisha kibao chake kikiwaka kando ya kifumi, na Mwalimu Edina akaona usoni mwa msichana kila kitu kikipangika mara moja, bila msaada. Ndivyo akili yake ilivyokuwa.

"Chupa tupu," Wende akasema.

"Wende, kaa kwanza."

"Baba alipougua nilikaa pale zahanati siku nzima. Pipa lilikuwa miguuni kwangu." Sauti ilikuwa ya kawaida, kama anasoma. "Sikufikiri."

"Haikuwa kazi yako kufikiri hilo. Ilikuwa yangu. Mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye ninayejua hili bomba. Nisikilize vizuri. Kosa hili si lako."

"Umeshapima ya kwangu?"

"Bado."

"Ipime basi."

"Si lazima leo."

"Mwalimu, tafadhali. Nipishe nione."

Mwalimu angeweza kukataa kwa mara ya pili. Akabadilisha kichupa, akasogea. Wende akainama, akaweka jicho kwenye kioo, akazungusha gurudumu dogo taratibu. Kule nje watoto walikuwa wanashangilia bao. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma bomba.

"Kulia," akasema. "Kiasi kilekile."

Mwalimu Edina alinyoosha mkono akamgusa bega. Wende hakulitoa bega, wala hakuliegemeza.

"Baba anaamini mchoro wangu ungemuua," akasema akiwa bado ameinama. "Ndivyo nilivyomwambia. Anasema hana kinyongo, maana mwalimu alimwokoa. Anawaambia na wageni wanaokuja kumpa pole. Akijua haya, atakuwa anakaa gizani anafikiria jambo moja tu. Asijue, Mwalimu. Niahidi."

"Wende..."

"Niahidi."

Akaahidi.

Wiki iliyofuata Wende alileta barua ya kuomba kuhama mkondo, kutoka sayansi kwenda historia na Kiswahili. Palihitajika sahihi ya mwalimu wa kemia. Mwalimu Edina alimuuliza mara moja tu kama ana hakika, na Wende akasema ndiyo, Mwalimu, kwa heshima ileile ya siku zote. Akatia sahihi. Kalamu haikuwa na shida yoyote.

5

Semina ya mkoa ilifanyika bila yeye. Alimwambia Mwalimu Msigwa kwamba anaumwa, na msimamizi wa semina akatuma salamu za pole. Siku hiyo alivaa buti, akachukua kikapu, akaenda shambani kwa akina Mligo. Pareto ilikuwa imechanua, mlima wote umetapakaa vitone vyeupe, na nyumba ile ilikuwa imepungukiwa mikono.

Mama Wende alimpokea kwa mikono miwili, akamshukuru tena kwa maisha ya mumewe, kisha akarudi jikoni kuandaa chakula cha mgeni. Wende alikuwa mbali, mwisho wa tuta. Alimwamkia kwa sauti akaendelea kuchuma.

Aloisi Mligo alikuwa amepiga magoti kati ya mistari. Alichuma kwa vidole. Aligusa kila ua juu, akapima kama petali zimelala bapa au bado zimesimama, na lililokomaa akalikata. Alikwenda polepole, lakini kikapu chake kilikuwa kimejaa maua mazuri.

"Karibu, Mwalimu. Shika mstari huu wa jirani, tuongee."

Walichuma. Waliongea habari za mvua, za mdogo wa mkewe na mtoto wake. Kisha Aloisi akasema, bila kubadilisha sauti, "Nesi aliniambia ulikwenda kuchukua chupa za ile dawa. Zile tupu."

Mkono wa Mwalimu Edina ukasimama kwenye shina.

"Siku hiyohiyo Wende alirudi hapa akaosha vyombo. Vyombo vilikuwa vimeshaoshwa na mama yake. Nilikaa namsikia, anaosha sufuria, anaifuta, anaiosha tena. Halafu akaja kuniambia kemia imemchosha." Aligusa ua, akaliacha. "Mimi sikusoma sana. Lakini mwanangu namjua."

"Baba Wende..."

"Usinijibu. Najua amekukataza. Nisingependa umvunjie ahadi." Akageuza uso kuelekea yaliposikika mabuti ya Mwalimu. "Kitu kimoja nitakisema, halafu basi. Hukuja kuniuliza."

"Sikuja," akasema Mwalimu Edina.

"Sijui ningesema nini. Labda ningeogopa. Ningekwambia tuache, na leo tungekuwa hapahapa tulipo. Ila ningekuwa nimesema mimi."

Mwalimu Edina alikuwa na maneno ya pole, alikuwa ameyabeba njia nzima, lakini yote yalikuwa yamekatwa kwa kipimo cha mtu asiyejua.

"Sasa nakuomba na mimi," Aloisi akasema, kwa sauti ya chini zaidi. "Wende asijue kwamba najua. Akijua, hataweza kukaa nami meza moja. Atakuwa ananiangalia. Mwache aamini kwamba amenikinga."

"Itakuwa vigumu."

"Kwako ndiyo. Kwangu na kwake itakuwa nafuu kidogo."

Kutoka mwisho wa tuta Wende aliinuka, akaweka kiganja juu ya macho kujikinga na jua. "Mnaongea nini huko? Baba, anakusumbua?"

Aloisi akanyoosha mkono, akaupapasa mpaka ukafika ndani ya kikapu cha Mwalimu Edina, akachota maua kiganjani na kuyasugua kwa kidole gumba.

"Mimi ndiye ninayemsumbua!" akajibu kwa sauti ya kuchangamka. "Mwalimu wako hajui kuchuma! Ameleta mengi yasiyofunguka!"

Wende akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Mwalimu Edina kumsikia akicheka tangu mvua zile. Akatazama kikapuni. Ilikuwa kweli: nusu yalikuwa machanga, petali zimejikunja, hayafai kuanikwa wala kuuzwa. Ua lililokatwa halirudishwi kwenye shina. Akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuyatenga, na Wende akaja akapiga magoti ng'ambo ya kikapu, akamsaidia, mikono yao ikipishana juu ya maua.